Mwalimu wa Marambo Aliyetungia Wengine

Nilipangiwa kufundisha Marambo nikiwa sijawahi kufika kusini. Kwetu ni Singida, na kabla ya kupangiwa kituo, kitu pekee nilichokijua kuhusu Nachingwea ni korosho. Nilifika wakati mabibo ya mikorosho yanadondoka, na ile harufu yake tamu inayokaribia kuchacha ilinikaa puani wiki nzima. Mwalimu mkuu alinipeleka kwenye nyumba ya walimu. Ilikuwa nyumba moja iliyogawanywa katikati kwa ukuta mwembamba, upande mmoja wangu, upande wa pili wa mwalimu wa kike aliyefundisha darasa la tatu. Dari hakuna. Mtu akipiga chafya kule, unampa pole ukiwa huku.

Jioni ya kwanza nilikuwa nachambua mchele niliposikia anaimba. Aliimba mstari mmoja, akanyamaza, akauimba tena. Nikagundua kuna neno moja linalobadilika. Mara mtu "aliondoka", mara "alitoka", mara "alihama". Wali wangu uliiva, nikala, nikaosha vyombo, yeye bado yuko kwenye mstari uleule. Nikajisemea moyoni kwamba huenda nimepewa jirani mwenye matatizo.

Kesho yake tulikuwa tunaenda pamoja kusimamia wanafunzi mstarini, nikaamua kumuuliza.

"Madam, jana nilikusikia ukiimba."

"Nilikusumbua? Samahani sana, Madam. Aliyekuwepo kabla yako alikuwa ameshazoea."

"Hukunisumbua. Ila uliimba mstari mmoja tu."

"Huo ndio ulikuwa umekataa," akasema. "Mingine ilishakubali."

Nikamuuliza kama ni wimbo wa kwaya. Akanitajia mwimbaji wa Dar ambaye hata mama yangu kule Singida anamfahamu, akasema wimbo ni wa huyo. Alisema hivyo huku anawaashiria watoto wa darasa lake wanyooshe mstari. Nikacheka, nikidhani ni utani wa kumkaribisha mgeni. Hakucheka.

Ilinichukua muda kuamini. Mambo yake niliyajua kidogokidogo, mengi tukiwa tunapika. Alikuwa Mmwera wa Narung'ombe, upande wa Ruangwa, mtoto wa mama anayelima mbaazi na ufuta. Tangu shule ya msingi aliimba kwaya ya parokia, sauti ya pili. Siku moja mwalimu wa kwaya aliugua sikukuu ikiwa imekaribia, na wimbo wa kuingilia haujapatikana. Yeye, binti wa sekondari, akatunga mmoja, akawafundisha watu wazima. Parokia ile inauimba mpaka leo, na wengi wanaamini uliletwa na wamisionari.

Miaka baadaye, akiwa tayari mwalimu, kwaya ilikwenda kurekodi Nachingwea mjini, kwenye studio ya chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Wakati mitambo inarekebishwa alikaa pembeni akiimba kwa sauti ya chini wimbo wake mwenyewe, wa mapenzi, ambao hakuwa amekusudia mtu ausikie. Kijana mwenye studio alivua spika za masikioni akamwuliza wimbo ule ni wa nani. Akaomba aurekodi kwa simu, akautuma kwa rafiki yake Dar. Huo ukawa wa kwanza kuimbwa na mtu mwingine. Ukafuata wa pili, na baada ya hapo waimbaji wakaanza kumpigia wenyewe.

Jambo lililonifanya nimheshimu zaidi ni namna alivyofanya kazi. Mtu akimwomba wimbo, hakumwuliza anataka wimbo wa nini. Alimwambia, "Nipigie tuongee." Mtandao wetu ulikuwa wa kubahatisha, unapatikana vizuri sehemu moja tu, kwenye mwinuko nyuma ya tangi la maji la shule, basi jioni utamkuta pale amekaa juu ya tofali, simu sikioni. Alimwuliza mwimbaji amekula nini, amelala wapi, mama yake anamwitaje akikasirika. Mtu maarufu, nchi nzima inamjua, anaeleza jinsi alivyotafuta kiatu chake asubuhi. Nilimwuliza mazungumzo yale yanamsaidia nini.

"Nasikiliza anapumulia wapi," akaniambia. "Kuna mtu anaongea sentensi ndefu bila kuchoka. Kuna mwingine anakatika. Ukimpa huyu maneno ya yule, ataimba vizuri, lakini utajua amevaa shati la kuazima."

Ule mstari niliousikia jioni yangu ya kwanza niliukuta tena miezi kadhaa baadaye, tukiwa ofisi ya walimu tunasahihisha madaftari. Redio ya mwalimu wa taaluma ilikuwa imewashwa. Wimbo ukaanza, wa mtu aliyeachwa na mwenzake bila hata kuagwa, nami nikaanza kuutambua. Ulipofika kwenye lile neno, mwimbaji akasema "alihama", akiwa amesita kidogo kabla yake. Nikamtazama jirani yangu. Alikuwa ameacha kalamu nyekundu hewani.

"Kavuta pumzi," akasema polepole. "Mimi sikuiweka hapo. Ni afadhali alivyofanya."

Akarudi kwenye madaftari. Walimu wengine walikuwa wanajua kazi yake, lakini waliichukulia kama mtu anavyochukulia kwamba mwenzake anafuga kuku.

Wimbo ule ulienea. Ukiingia mgahawani unaukuta, ukipanda bodaboda dereva anaupiga mluzi. Msimu wa korosho ulipofika na watu wana furaha, mwimbaji mwenyewe akaja Nachingwea kutumbuiza uwanjani mchana wa Jumamosi. Tukapanda pikipiki, mimi na jirani yangu, tukaenda. Tulisimama katikati ya watu kama wengine. Mwimbaji alipoanza ule wimbo, uwanja mzima ukaimba, na kuna mahali alinyamaza akawaachia watu. Nilikuwa natazama midomo ya watu. Wapagazi wa maghala, wanafunzi wa sekondari, akina mama wenye watoto mgongoni, wote wanasema maneno niliyoyasikia yakigombaniwa upande wa pili wa ukuta wangu.

Mama mmoja aliyekuwa kando yetu, amebeba ndoo ya karanga kichwani, akatugeukia. "Huyu kijana aliachwa vibaya," akasema. "Mtu hawezi kuimba hivi kama hajaachwa."

Mwenzangu akaitikia kwa kichwa. "Kweli, dada. Inaonekana kabisa."

Nilimfinya mkono. Nilitaka aseme, au aniruhusu niseme mimi. Akanikazia macho, nikanyamaza. Tulipokuwa tunarudi nikamwuliza kwa nini hakumwambia yule mama ukweli.

"Ningemwambia, angeanza kuniangalia mimi," akasema. "Alikuwa ameshapata mtu wa kumwonea huruma. Ya nini kumharibia?"

Kisha akanipa siri ambayo inanichekesha hadi leo. Ule wimbo wa mapenzi uliowaliza watu haukuhusu mpenzi yeyote. Ulimhusu yule mwalimu wa kike aliyekaa nyumba yangu kabla yangu, aliyehamishiwa mkoa mwingine akaondoka asubuhi na mapema bila kumuaga. Walikuwa marafiki sana. Jirani yangu aliporudi kutoka kisimani akakuta mlango una kufuli, na ndoo yao waliyokuwa wakiitumia pamoja imeachwa kizingitini.

Sitaki ieleweke kwamba alikuwa malaika. Akiwa kwenye wimbo, kuishi naye kulikuwa kazi. Aliunguza masufuria. Aliazima chumvi akasahau, kisha akaazima tena. Alinilazimisha niimbe sehemu za kiume ili asikie zinavyopishana na za kike, na nilipomaliza alisema naimba kama mtu anayeita mahudhurio. Siku nyingine ukimsalimia hakujibu, na baada ya saa nzima anakugongea ukutani kukujibu. Lakini alipokuwa darasani hakuwa na wimbo mwingine wowote zaidi ya ule wa herufi, na watoto wa darasa la tatu walimpenda hata waliomwogopa.

Nilimwuliza pia, kama kila mtu alivyomwuliza, kwa nini haimbi mwenyewe. Sauti alikuwa nayo. Akasema alishajaribu, pale studio ya Nachingwea. Alirekodi wimbo mzima, akasikiliza, akamwambia yule kijana aufute.

"Ulikuwa mbaya?"

"Haukuwa na kosa hata moja," akasema. "Sauti yangu imelelewa na kwaya, Madam. Ina adabu. Mtu aliyeachwa akiimba kwa adabu, nani atamwamini?"

Alisema hivyo bila uchungu, kama fundi anayekwambia mbao hii haifai kwa mlango lakini kwa meza inafaa.

Wimbo ninaoukumbuka kuliko yote ni ule wa mama yake. Mama huyu alibaki Narung'ombe, kwenye nyumba aliyoolewa. Kiswahili alikijua cha sokoni, mengine yote aliyasema kwa Kimwera. Mwanawe alinieleza kwamba tangu alipoanza kwenda shule ya bweni, mama yake hakuwahi kumsindikiza barabarani kama wazazi wengine. Alibaki mkekani mlangoni akipukuchua mbaazi au akichambua mboga, na binti akishaaga, mama anamwambia, "Nenda, mimi nimekaa." Alisema kwa Kimwera, baadaye akawa anasema kwa Kiswahili, maneno yaleyale. Hakuongeza kitu. Jirani yangu aliyaishi maneno hayo miaka mingi, na siku moja akayafanya kiitikio.

Yule mwimbaji maarufu alikuwa ameomba wimbo mwingine, akampa huo. Nilikuwepo kule kwenye tangi alipopiga simu kutoa maoni yake. Alikuwa kijana mwenye heshima, na sauti yake ilisikika kwenye spika ya simu.

"Dada, beti zote sina neno. Ila kiitikio tubadilishe. Tuseme 'nenda, mi nakusubiri'. Nikisema 'nimekaa' watu watacheka, wataniuliza umekaa wapi."

"Si sawa na kusubiri, kaka."

"Maana ni ileile."

"Hapana," akasema. "Anayekusubiri, unaondoka na mzigo wake. Kila siku unajua kuna mtu anahesabu. Mama yangu hakunipa mzigo huo. Alikuwa ananiambia niende tu, nikirudi nitamkuta."

Wakavutana kwa upole, kila mmoja akimwita mwenzake kwa heshima. Mwisho akamwambia, "Basi kaka, huu si wako. Nitakutungia mwingine." Mwimbaji akasema sawa, lakini ile sawa ya mtu aliyeumia. Akaacha kupiga simu. Kijana wa studio yeye alipiga, akamwuliza kama anaelewa amemkatalia nani. Akajibu kwamba anaelewa vizuri sana. Usiku huo hakuimba, na mimi kwa upande wangu wa ukuta nilijiona kama niliyefiwa.

Wimbo ukakaa kwa muda mrefu bila mwenyewe. Kisha akapiga simu dada mmoja wa Dar aliyekuwa akiimba kwenye bendi ya kumbi za harusi. Hakuwa na jina. Alikuwa ameusikia ule wimbo kwa rafiki wa yule mwenye studio, na alitaka kuuliza jambo moja.

"Mama akiwa anasema hayo maneno," akauliza, "mikono yake inakuwa inafanya nini?"

Jirani yangu akasema, "Njoo umwone."

Akaja kweli, likizo ya shule. Tulimpokea stendi ya Ruangwa, msichana mwembamba aliyejifunga kitenge juu ya suruali kwa ajili ya kwenda kwa wazazi wa watu, kama alivyosema mwenyewe. Tukachukua bodaboda mbili hadi Narung'ombe. Mama alitupokea, tukamwamkia, akatuwekea ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Tulipokwisha kula akamwuliza mwanawe kwa Kimwera mgeni huyu ni nani. Alipojibiwa kwamba amekuja kujifunza maneno yake, alitutazama mmoja mmoja kama watu waliopotea njia wakaona aibu kusema.

Msichana akaimba, bila ala yoyote, amekaa kwenye kigoda. Aliimba vizuri mno. Mimi machozi yalinilenga. Mama alisikiliza mikono yake ikiendelea na mbaazi, akasema jambo kwa Kimwera. Mwanawe akacheka, akasita kutafsiri.

"Niambie tu, dada," msichana akasema.

"Anasema unaimba kama unayetaka aondokaye abaki."

Mama akaingia mwenyewe na Kiswahili chake. "Usivute, mwanangu. Sema, acha. Mimi nikisema, nafanya kazi yangu."

Akamsogezea ungo wa mbaazi. Msichana akaanza kupukuchua, mwanzoni vidole vinamkataa, na alipozoea akaanza kuimba tena huku anatazama maganda. Safari hii "nimekaa" ilitoka fupi, karibu kama maongezi, na mara moja akarudi kwenye kazi yake. Jirani yangu alikuwa ameinamisha kichwa. Mama aliinuka akaenda kutazama moto, na wote tukaelewa kwamba hana la kuongeza.

Ulipotoka, wimbo haukuvuma siku ya kwanza. Ulipita polepole, kwa madereva wa malori, kwa wanafunzi wa bweni, kwa watumishi kama mimi ambao kwao ni mbali. Nilikuwa stendi ya Nachingwea siku moja nikamsikia baba mmoja anamwambia binti yake aliyekuwa dirishani kwenye basi, "Nenda, mimi nimekaa," na yeye alikuwa amesimama. Watu walicheka, naye akacheka, lakini binti alikuwa anafuta macho. Msichana wa bendi akapata jina lake. Kila alipohojiwa redioni alisema wimbo umetungwa na mwalimu wa huku kusini, ingawa watangazaji walikimbilia swali lingine. Yule mwimbaji maarufu naye akapiga simu.

"Dada, ule wimbo nimeukosa."

"Hukuukosa, kaka. Haukuwa wako. Wako nimeshauanza, nilikuwa nangoja upige."

Na kweli alikuwa ameuanza. Huo nao ukafanya vizuri, na urafiki wao ukarudi.

Jirani yangu alimpelekea mama yake wimbo kwenye simu. Nilikwenda naye. Mama alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika simu kwa mikono miwili, akaomba urudiwe, kisha akauliza kama yule binti ameongezeka mwili hata kidogo. Tukalala hapo. Asubuhi tulipokuwa tunaaga, mama alikuwa mkekani kama kawaida, mboga mbele yake. Mwanawe akamwambia, "Mama, tunaenda." Mama akafungua mdomo kusema, akasita. Akatutazama, akaanza kucheka kwa aibu, akajifunika uso kwa upande wa kanga. Maneno yake sasa yalikuwa kwenye kila redio, na akiyasema ataonekana anaimba wimbo. Akaweka ungo chini, akainuka, akatusindikiza hadi barabarani. Hakuwahi kufanya hivyo katika maisha ya binti yake yote.

Tulipoteremka Nachingwea jirani yangu akanunua maji, akanywa, ndipo akasema, "Nimechukua kitu pale nyumbani, Madam. Sikujua kama kitaisha."

Nilimwambia mama alionekana mwenye furaha, na ni kweli alionekana hivyo. Akasema anajua. Wiki kadhaa sikusikia wimbo wowote ukutani.

Kisha akaanza tena, maana hakuwa mtu wa kukaa bila kutunga. Mwaka uliofuata alihamishiwa Ruangwa mjini, karibu na mama yake, nami nikahamishiwa Kiegei. Aliniaga vizuri, alikuja na ndoo mpya kabisa. Bado anafundisha darasa la tatu, na bado anatungia watu. Nikisikia wimbo mpya redioni huwa nakaa kimya nikijaribu kubahatisha kama ni wake, na mara nyingi napatia kwa sababu ya pumzi. Nampenda kwa nyimbo zake, lakini namheshimu zaidi kwa ile siku ya tangi la maji, aliposema hapana kwa sauti ileile ya kumwambia mtoto arudie kuandika.

Juzi alinipigia. Aliniambia mama yake amepata maneno mengine ya kumwambia akiaga, na sasa amerudi mkekani, hamsindikizi tena. Nilimwuliza ni maneno gani.

"Hayo hapana," akasema. "Hayo sitamtungia mtu."

Kisha akaniuliza kama mvua zimeshaanza huku Kiegei, nikamwambia bado, lakini watu wameshasafisha mashamba.